Vitabu Vinavyofundishwa Bila Kusomwa

Katika shule nyingi za sekondari hapa Uganda, vitabu vya fasihi ya Kiingereza vyafundishwa lakini havisomwi. Maneno haya huenda yakawaudhi wengine, hasa wale waliopata alama nzuri katika somo hilo, lakini nadhani kila aliyelipitia anajua kwamba nasema kweli. Twaweza kuwataja watu wote waliomo katika mchezo wa Shakespeare, na tabia zao, na mafunzo matano yapatikanayo humo, na hali kitabu chenyewe hatukukifungua zaidi ya mara tatu. Na katika kuandika mambo ni yale yale. Twafundishwa insha, lakini hatuandiki, twanakili.

Nimechagua kusema habari hii katika ukurasa wetu wa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, katika Kiswahili twaweza kukitazama Kiingereza kama kitu kilicho mbele yetu mezani, tukakigeuza huku na huku, bila hofu ya kuchekwa kwa kosa dogo la sarufi. Pili, gazeti hili husomwa na wanafunzi wa zamani, na miongoni mwao wamo walimu, wazazi na wajumbe wa bodi za shule. Dawa ya jambo hili i mikononi mwao kuliko mikononi mwetu.

Somo lenyewe huenda hivi. Mwalimu huingia darasani na daftari lake, au na kijitabu cha muhtasari kilichopigwa chapa mjini. Huandika ubaoni: habari za mwandishi, mwendo wa hadithi, wahusika, mafunzo, mbinu. Sisi hunakili mpaka kengele ilie. Kitabu chenyewe kina nakala chache kabatini, na zile chache zimepungukiwa kurasa. Mtihani unapokaribia, vijitabu vya muhtasari hupita mkono kwa mkono usiku, na siku ya mtihani twayamwaga yote juu ya karatasi kama mtu amwagaye gunia la mahindi. Wiki mbili baadaye hakuna aliyebaki na punje.

Sisi tulio katika shule za misheni tungekuwa wa kwanza kuona kasoro hii, maana kila Jumapili twaonyeshwa njia nyingine. Kanisani Injili husomwa kwanza, kwa sauti, neno kwa neno, na watu husimama kuisikiliza. Baada ya hapo ndipo padre hupanda kuhubiri. Padre akija siku moja akahubiri bila kusoma Injili, akasema tu kwamba somo la leo lina mafunzo matatu, waumini watatazamana. Lakini darasani twahubiriwa muhula mzima juu ya kitabu ambacho hakikusomwa, na hakuna atazamaye mwenzake.

Huenda mtu akauliza: je, mwanafunzi akiyajua mafunzo ya kitabu, amepungukiwa na nini? Nitamjibu kwa mfano. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Julius Caesar, Brutus na wenzake wamwua Kaisari, kisha Brutus asimama mbele ya watu wa Roma kueleza sababu. Baada yake asimama Antony, rafiki wa marehemu. Kijitabu cha muhtasari husema: Antony ni mjanja, tena ni msemaji hodari. Basi. Mwanafunzi hulishika neno hilo, hulipeleka kwenye mtihani, na hupata alama yake.

Lakini asomaye hotuba zenyewe huona jinsi ujanja ufanyavyo kazi. Brutus asema kwa lugha ya kawaida, isiyo ya mashairi, kwa sentensi zilizopangwa vizuri, kama mwalimu wa hesabu. Asema alimpenda Kaisari lakini aliipenda Roma zaidi. Watu wamkubali mara moja, na mmoja wao apaza sauti kwamba Brutus na afanywe Kaisari. Tazama ajabu hiyo! Mtu ameua ili asiwepo mtawala wa peke yake, na wale aliowaulia wataka kumfanya yeye mtawala wa peke yake. Hawakuelewa hata neno moja. Kisha Antony aja na mashairi. Amsifu Brutus kwa neno moja la heshima, alirudia neno hilo tena na tena, na kila alirudiapo ladha yake yabadilika kidogo, mpaka mwishowe sifa imekuwa tusi na yeye hakutukana. Awaonyesha vazi lenye damu. Ataja wosia, kisha akataa kuusoma, mpaka watu wenyewe wamlazimishe. Dakika chache baadaye watu wale wale wachoma nyumba moto, na wamrarua mshairi mmoja maskini aitwaye Cinna kwa sababu tu jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Awaambia kwamba yeye siye. Hawajali.

Ni nani aliyekaa katika nchi hizi zetu wakati wa uchaguzi asiyeihitaji elimu hiyo? Kusema kwamba Antony ni mjanja hakumkingi mtu na mjanja. Kinachomkinga ni kuufuata ujanja huo hatua kwa hatua, na kuona ni wapi yeye mwenyewe, akisoma, alianza kuvutwa. Jambo hilo halimo katika muhtasari, wala haliwezi kuwekwa humo, kwa kuwa muhtasari huondoa njia na kubakiza mwisho wake.

Wako wasemao kwamba kosa ni la vitabu vyenyewe. Wasema, tuna haja gani na Waingereza waliokufa zamani, na Roma, na theluji? Hoja hiyo si mpya, wala si ya kudharauliwa. Kwa miaka mingi shule za Uganda zilifanya mtihani uliotungwa Cambridge, na vitabu vilikuwa vya Uingereza. Mwezi wa Juni mwaka 1962 waandishi wa Afrika waandikao kwa Kiingereza walikutana Makerere, na Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi pale, alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Ngugi mwenyewe baadaye aliusema mkutano ule kwa ukali, kwamba waliandikao kwa lugha za Kiafrika hawakuwa na nafasi humo, hata Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huo huo wa Juni. Mwaka 1968, katika chuo kikuu cha Nairobi, Ngugi, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitoa waraka wa kutaka idara ya Kiingereza ifutwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati, nyingine ziizunguke.

Walishinda kwa sehemu kubwa. Vitabu vya akina Achebe, Ngugi na Okot p'Bitek viliingia mashuleni katika Afrika ya Mashariki, na mimi nafurahi kwamba viliingia. Lakini tazama tunavyovisoma! Chukua Weep Not, Child, kitabu cha Ngugi kilichotoka mwaka 1964. Muhtasari wasema: Howlands ni mzungu mkatili mwenye shamba, Ngotho ni Mwafrika aliyenyang'anywa ardhi. Ni kweli. Lakini katika kitabu wako watu hawa wawili wakitembea pamoja shambani, wakiitazama mimea, na kila mmoja aipenda ardhi ile kwa moyo wote. Mmoja aiona ni yake kwa kuwa ameilima, mwingine angoja siku itakaporudi kwa wenyewe. Wako bega kwa bega, na kati yao pana vita ambayo haijaanza. Asomaye hapo hupata kitu kisichoandikika ubaoni kwa mstari mmoja. Asiyesoma hupata maneno mawili, mkatili na mnyonge, ambayo alikuwa nayo kabla hajaingia shuleni.

Basi orodha ya vitabu ilibadilika, na ufundishaji haukubadilika. Tulimwondoa Mwingereza mezani tukamweka Mwafrika, kisha naye tukamfanyia muhtasari. Ndiyo maana sikubaliani na wale wadhanio kwamba tukiondoa Shakespeare tutapona. Ugonjwa hauko katika kitabu.

Sasa nije katika kuandika. Chukua madaftari ya insha ya darasa lolote uyafunue. Utaona nusu ya hadithi huanza asubuhi, jua likichomoza na ndege wakiimba, na nyingi huishia mwandishi akiamka na kukuta ilikuwa ndoto. Mtoto wa Karamoja na mtoto wa visiwa vya Ssese waandika asubuhi ile ile, yenye ndege wale wale, na hakuna hata mmoja awezaye kukutajia jina la ndege mmoja. Sababu yake ni kwamba tulipewa insha za mfano tuzikariri, na tukaambiwa kwamba sentensi fulani ni nzuri, zitampendeza msahihishaji. Waswahili husema nguo ya kuazima haistiri. Sentensi ya kuazima ndiyo kabisa: yakuonyesha wazi pale hasa ulipotaka kujificha.

Na kusahihisha nako kuna dosari yake. Daftari hurudi na wino mwekundu juu ya kila kosa la tahajia, na alama chini yake, tuseme 11 juu ya 20. Mwanafunzi hutazama ile 11, hulifunga daftari, na wiki ijayo huandika insha nyingine yenye makosa yale yale. Hakuna anayemwambia: hapa hukueleza, hapa umesema jambo ambalo hukulionyesha, rudia ukurasa huu. Fundi seremala hamfundishi kijana kwa kumwambia kwamba kiti chake kimepata 11, kisha wakakitupa na kuanza kingine. Humwambia mguu huu ni mfupi, ung'oe, uutengeneze upya.

Sipendi mtu adhani kwamba nawalaumu walimu. Tufanye hesabu kidogo. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 70, akiwapa insha ya kurasa 2, hupokea kurasa 140. Akitumia dakika 5 tu kwa kila mwanafunzi, hiyo ni dakika 350, karibu saa 6, kwa darasa moja, kwa insha moja. Naye ana madarasa manne, tena ndiye msimamizi wa bweni na wa mchezo wa mpira. Shule nayo hupimwa kwa matokeo ya mtihani yatangazwayo magazetini, na mzazi alipaye karo kwa shida hutazama matokeo hayo na si jambo jingine. Kwa hali hiyo muhtasari ndio njia ya mkato, na mtu mwenye mzigo mzito hupita njia ya mkato.

Serikali nayo imejaribu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kutahiniwa mara ya kwanza mwaka 2024, wamtaka mwanafunzi atumie alichojifunza katika mambo ya maisha, na asilimia 20 ya alama hutoka katika kazi za shuleni, 80 katika mtihani wa mwisho. Nia yake ni njema kabisa. Lakini wauza vijitabu hawakulala. Mara wakapiga chapa majibu ya kazi hizo hizo. Na siku hizi ziko programu za kompyuta ambazo ukiziagiza zitakutungia insha nzima kwa dakika moja. Wengine hushangaa kwa nini wanafunzi hukimbilia huko upesi hivyo. Mimi sishangai. Mtu aliyezoea miaka sita kunakili sentensi za wengine, ataona tofauti gani kati ya kijitabu na mashine?

Basi tufanye nini? Nina mashauri manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, kitabu na kisomwe kwa sauti darasani tangu mwanzo hadi mwisho, kabla ya neno lolote la mafunzo kuandikwa ubaoni. Mchezo ugawanywe, huyu awe Brutus, yule awe Antony, na darasa zima liwe watu wa Roma. Nakala 10 zatosha kwa kazi hiyo. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza kutembeza michezo ya kuigiza mijini na vijijini bila kutoza kiingilio, kwa Kiingereza na kwa lugha za watu, na wengi waliotazama hawakuwa na kitabu chochote mkononi. Walisikia, wakaelewa.

La pili, turuhusiwe kuzungumza juu ya kitabu cha Kiingereza kwa lugha zetu. Katika shule nyingi mwanafunzi asikiwapo akisema lugha ya kwao hupewa adhabu, na matokeo yake ni kwamba darasani hunyamaza, kwa kuwa wazo analo lakini Kiingereza cha kulibebea hana. Na alianze wazo kwa Kiluo, kwa Kiganda au kwa Kiswahili, kisha alivushe. Julius Nyerere, aliyesoma Makerere na kufundisha katika shule za misheni, aliutafsiri Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, naye alikuwa rais wa nchi mwenye kazi tele. Nani atasema kwamba Kiswahili kilimharibia Shakespeare wake? Mtu hawezi kutafsiri asichokisoma. Okot p'Bitek naye alimtunga Lawino wake kwa Kiacholi, kisha akamleta mwenyewe katika Kiingereza mwaka 1966. Wakubwa hawa hawakuchagua lugha moja na kuitupa nyingine. Walivuka mto huku na huku.

La tatu, tuandike kidogo na mara kwa mara. Aya moja kila wiki, juu ya jambo ulilolitazama kwa macho yako: jinsi mama anavyochagua mbegu za maharage, jinsi foleni ya maji inavyokwenda, jinsi baba na jirani walivyopatana juu ya mpaka. Mwalimu asisahihishe zote. Achague 10 kila wiki, zisomwe mbele ya darasa, na waandishi wake wazirudie upya. Wiki ya saba kila mmoja wa wale 70 atakuwa amefikiwa, na hao wengine watakuwa wamejifunza kwa kusikiliza. Haba na haba hujaza kibaba.

La nne lawahusu ninyi, wakubwa wetu mliopita hapa. Mara nyingi mnapotukumbuka hutuletea kombe la mpira, au sanduku la vitabu vilivyochakaa, kila kimoja cha aina yake. Twashukuru kwa moyo. Lakini mkituletea nakala 40 za kitabu kimoja mtakuwa mmetenda jambo kubwa kuliko vitabu 40 mbalimbali, kwa maana darasa lisomalo kitabu kimoja laweza kubishana, na vitabu 40 mbalimbali hukaa kabatini vikinyamaziana. Tena njoni jioni moja mtusomee. Mmoja wenu aliye wakili, au karani wa baraza, au muuguzi, akatuonyesha barua na hati anazozisoma kazini kwake, tutafahamu upesi kwamba kusoma si jambo la mtihani tu.

Hapo ndipo penye uzito wa neno langu lote. Katika Uganda sheria, hukumu za mahakama kuu na hati nyingi za ardhi ziko kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili katika katiba mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni, na siku yake yaja. Lakini leo mzee kijijini akiletewa karatasi atie dole gumba, karatasi hiyo ni ya Kiingereza, na humwita kijana aliyesoma amweleze. Kijana huyo ni mimi na wewe. Kama miaka sita tulifundishwa kwamba kitabu hakina haja ya kusomwa maadamu yuko mtu wa kukufupishia, basi tutafanya vile vile pale. Tutamwuliza aliyeileta karatasi inasema nini, naye atatufupishia kwa furaha, maana ndiye alitakaye shamba. Tutamwambia mzee mafunzo matatu yaliyomo, na mzee atatia dole.

Najua wenzangu wa kidato cha sita watasema kwamba mtihani umekaribia, na huu si wakati wa maneno haya. Nami nitaufanya mtihani huo huo, kwa karatasi zile zile. Lakini siombi tuache kujitayarisha. Nasema kwamba aliyekisoma kitabu atajibu swali lolote litakaloulizwa, na aliyekariri muhtasari atajibu lile tu alilotabiriwa. Shule ikianza na darasa moja, kwa muhula mmoja, kwa kitabu kimoja kilichosomwa mpaka ukurasa wa mwisho, tutaona wenyewe ni lipi lenye faida.

Mwenye hoja ya kunipinga na aandike. Ukurasa huu ni wetu sote, na mhariri amesema nafasi ingaliko.